Mtu wa Simu: Askari Mmoja wa Keya kutoka Mbooni

Kamati ya kijitabu hiki iliniomba mwaka huu niandike habari za wazee wetu waliokwenda Vita vya Pili vya Dunia. Nimeandika habari za mmoja tu, babu yangu mzaa baba, kwa kuwa yeye ndiye niliyemjua na kula naye. Jina lake sikuliweka. Chama kinakusanya majina ya wote waliotoka milima hii ya Mbooni, na si vizuri mmoja achapishwe leo ilhali wenzake hawajaandikwa popote.

Wengi wenu mnaomkumbuka mnamkumbuka kwa mitaro. Mlimwona na jembe lake na ile waya yake nyeusi, akipima shamba la mtu kabla ya mvua za Oktoba. Kwamba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, mlijua. Lakini alifanya nini huko Keya? Hata sisi wa nyumbani kwake hatukujua sawasawa mpaka tulipofungua sanduku lake la bati, mwaka mmoja baada ya kumzika. Ndani kulikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi, kimeliwa na mchwa upande mmoja, na juu ya cheti hicho kazi yake imeandikwa kwa neno moja la Kiingereza: Signaller. Mtu wa simu.

Ili mwelewe ni kijana wa namna gani aliyeingia jeshini, lazima nirudi nyuma kidogo, mwaka 1938. Mwaka huo serikali ya mkoloni iliamua kuwa ng'ombe wa Ukambani wamezidi na wanaharibu ardhi. Wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Watu wetu walikataa. Muindi Mbingu na wenzake wa Ukamba Members Association waliongoza maelfu, wanaume, wanawake na watoto, mpaka Nairobi, wakapiga kambi Kariokor wiki kadhaa wakimtaka gavana awasikilize. Mwishowe serikali ilirudi nyuma juu ya ng'ombe, lakini Muindi Mbingu alipelekwa kifungoni Lamu. Babu alikuwa kijana wa miaka 18 hivi, na baba yake alikuwa mmoja wa waliolala Kariokor.

Mwaka uliofuata vita vikaanza Ulaya, na serikali ile ile ikaja tena Ukambani, safari hii ikitafuta vijana. Niliwahi kumwuliza babu ilikuwaje akaenda kuwapigania watu waliochukua ng'ombe wa baba yake. Alinitazama kwa muda, akasema, "Ulitaka nilipe kodi na nini?" Hilo ndilo jibu nililopata. Vitabu vingine vinasema Mkamba alipenda jeshi, kwamba ni kabila la askari. Waingereza walipenda sana kugawa makabila hivyo, hawa wa bunduki, hawa wa kalamu, hawa wa jembe. Mimi naona kodi ya kichwa na mshahara wa kila mwezi vinaeleza mambo mengi zaidi kuliko damu. Kutoka Kenya peke yake waliingia jeshini karibu watu 98,000, na si wote waliokwenda kwa hiari.

Alijiandikisha Machakos mwaka 1941. Wakati huo vita na Mwitalia vilikuwa vinaelekea ukingoni. Mogadishu ilikuwa imetekwa mwezi wa Februari na Addis Ababa mwezi wa Aprili. Alikuwa amesoma darasa nne katika shule ya misheni, na kwa siku zile huo ulikuwa usomi. Wengi wa wenzake walipewa bunduki, au usukani wa lori, au sepetu. Yeye aliulizwa kama anaweza kusoma Kiingereza, akapewa kipande cha gazeti asome kwa sauti, na kutoka siku hiyo akawekwa upande wa simu.

Kazi ya simu ilitaka Kiingereza kwa sababu amri zilikuwa zinaandikwa kwa Kiingereza, ingawa jeshini watu waliongea Kiswahili, kile Kiswahili cha Keya ambacho mtu wa Lamu angekisikia angeziba masikio. Walijifunza kwanza alama za Morse, nukta na vistari, kwa kugonga kitufe, kwa taa usiku, na kwa kioo mchana. Kioo hicho waliweka kwenye miguu mitatu, wakakielekeza kwenye jua, na kwa kukitikisa kidogo mwanga ulionekana mbali sana, kutoka mlima mmoja hadi mwingine. Babu alisema hicho ndicho chombo alichokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakihitaji betri wala waya, kinahitaji jua tu. Halafu walipewa majina ya herufi ili zisichanganyike kwenye simu yenye kelele. A ilikuwa Ack, B ilikuwa Beer, C ilikuwa Charlie, D ilikuwa Don. Hayo hakuyasahau. Wajukuu wake alituhesabu hivyo hivyo, kwa kufuata kuzaliwa. Mimi ni wa sita, kwa hiyo nilikuwa Freddie, na mpaka nilipomaliza shule nilidhani ni jina langu la ubatizo la siri. Akitaka kuniita bila kupaza sauti aligonga meza: nukta mbili, kistari, nukta.

Mwaka 1943 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa, na vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wakapelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kufanya mazoezi ya vita vya msituni. Babu alivuka bahari mwaka huo, akafika salama. Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa katika msafara, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Pamoja nao walikuwamo manesi. Meli za ulinzi, zikiiwinda nyambizi hiyo iliyokuwa imejificha chini ya watu waliokuwa wakielea, zililazimika kurusha mabomu majini katikati ya walionusurika. Habari hizo zilifichwa wakati huo. Kuna familia katika milima yetu ambazo ziliambiwa tu kwamba kijana amepotea baharini, na mama zao wakafa wakiamini kwamba mtu aliyepotea huenda akaonekana.

Kutoka Ceylon walipelekwa mpaka wa India na Burma. Wajapani walikuwa wameshindwa Imphal na Kohima na walikuwa wanarudi nyuma. Kazi ya kuwafuata katika bonde la Kabaw ilipewa divisheni ya Afrika Mashariki, na ilianza Agosti 1944, katikati ya mvua za masika ya kule. Majenerali walipendelea watu wetu kwa kazi hiyo kwa kuamini kwamba Mwafrika hasumbuliwi na malaria. Ilikuwa imani ya kijinga. Walimezeshwa vidonge vya mepakrini, na wengi waliugua hata hivyo. Barabara ilikuwa tope, lori zilizama hadi milangoni, na chakula mara nyingi kilidondoshwa kwa miavuli kutoka ndegeni.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana hapa ndipo maisha ya babu yalipokaa.

Walikuwa na simu ya upepo, yaani redio. Ile ya kubebwa mgongoni ilikuwa na uzito wa kilo 15 hivi, na katika msitu ule wenye miti mikubwa na maji kila mahali haikusikika mbali. Unyevu uliua betri. Kwa hiyo kila kikosi kiliposimama, waya ulilazimika kutandazwa kutoka makao ya batalioni hadi kwenye kila kampuni. Waya ulikuwa umezungushwa kwenye gurudumu la chuma. Mtu mmoja alibeba gurudumu, wa pili akafuata akiufunga waya kwenye miti, juu kidogo ili nyumbu na lori zisiukate, na kila baada ya mwendo fulani walisimama, wakaunganisha simu, wakauliza kama wanasikika. Babu alikuwa yule wa pili.

Waya ukikatika, mtu aliutafuta kwa miguu. Hakuna njia nyingine. Uliushika mkononi na kutembea nao, usiku pia, bila taa, mpaka mkono ukute ncha. Mara nyingi ncha ilikuwa imetafunwa au imevutwa na tawi lililoanguka. Lakini wakati mwingine ncha ilikuwa imekatwa safi, kwa kisu, na hapo ulijua. Wajapani walikuwa na desturi ya kukata waya na kujificha kando wakimngojea mtu wa kuutengeneza. Kwa hiyo waliosaka ncha walikwenda wawili, mmoja ameshika waya na mwingine bunduki. Babu alienda mara nyingi na kijana mmoja wa Kitui. Usiku mmoja kijana wa Kitui hakurudi. Hiyo ndiyo sentensi yote niliyopata kwa babu juu ya jambo hilo, na niliipata mara moja tu, mwaka wa njaa, tulipokuwa tunachimba. Sikuthubutu kuuliza ya pili.

Katikati ya Novemba divisheni ilikutana na Wahindi wa divisheni ya 5 pale Kalemyo, na tarehe 2 Desemba 1944 wakaichukua Kalewa, kando ya mto Chindwin. Siku chache baadaye wahandisi walijenga pale daraja la vyuma la kuelea lenye urefu wa meta 350 hivi, ambalo wakati ule lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina yake duniani. Sehemu kubwa ya jeshi la kwenda Mandalay ilipita juu yake. Magazeti ya Uingereza yaliandika sana juu ya daraja hilo, na kidogo sana juu ya watu waliofungua njia ya kulifikia. Muda mfupi baadaye watu wetu waliondolewa mstari wa mbele na kurudishwa India kupumzika.

Jambo moja lilinishangaza nilipolielewa. Ujumbe mwingi uliopita mikononi mwake ulikuwa umefungwa kwa siri, makundi ya herufi tano tano zisizo na maana. Aliutuma na kuupokea vita vizima bila kujua unasema nini. Huenda alituma amri ya kusonga mbele, au idadi ya waliokufa, au maombi ya sukari. Alipoulizwa na watu wa kijijini vita vilikuwaje, na yeye akasema "Sijui", walidhani anajificha. Nafikiri kwa sehemu alikuwa anasema kweli.

Maneno aliyoyajua vizuri yalikuwa ya wenzake. Kwa kuwa alijua kuandika, jioni askari walipanga mstari mbele yake na karatasi. Aliwaandikia wake zao, wazazi wao, na machifu waliochelewesha pesa za familia. Mwaka 1943 Kenya ilikuwa na njaa, na barua zilizotoka nyumbani zilijaa habari hizo. Yeye ndiye aliyewasomea. Mtu alipokea habari ya kifo cha mtoto kutoka mdomoni mwa babu yangu, katikati ya msitu wa Burma, halafu akamwambia aandike jibu.

Alirudi mwaka 1946. Aliachishwa na kupewa suti ya kiraia, cheti, na malipo ya kuagana. Malipo hayo yalihesabiwa kwa cheo, kwa miezi ya utumishi, na kwa rangi ya ngozi. Hati za serikali ya Uingereza zilizojulikana miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba Mzungu wa cheo kile kile aliweza kulipwa mara 3 ya Mwafrika. Babu hakuziona hati hizo, lakini alikuwa amelala hema jirani na Wazungu na alijua hesabu.

Alichotaka ni kazi ya simu. Posta na reli zilikuwa zinatumia mitambo ile ile ya Morse, na stesheni za Ulu, Kima na Sultan Hamud hazikuwa mbali na kwetu. Alivaa suti yake, akachukua cheti, akaenda katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Karani alimwambia aketi kwenye mashine atume sentensi. Akatuma. Karani akasema ni mwepesi kuliko wote aliowaona mwezi huo, akaingia ndani kumwona bwana mkubwa, akatoka na jibu kwamba nafasi ya Mwafrika iliyopo ni ya kufagia na kupeleka barua kwa baiskeli. Babu alikwenda nyumbani kwa miguu. Kutoka siku hiyo hakumfundisha mtu yeyote Morse, hata watoto wake. Sisi wajukuu tulipata ile ya majina yetu tu.

Alikuta serikali imekuja na mpango mpya, wa mitaro. Miteremko ya Mbooni na Machakos yote ilikuwa imechunwa na mvua, na kila nyumba ililazimishwa kutoa mtu wa kuchimba kwa siku kadhaa za wiki. Watu waliichukia kazi hiyo kwa sababu ile ile waliyoichukia ile ya ng'ombe, kwamba ni amri. Na mitaro yenyewe ilikuwa myembamba, ikajaa udongo na kupasuka mvua ya kwanza.

Babu alikuwa ameona milimani kule Asia mashamba yamekatwa kama ngazi, tambarare kabisa, na maji yakitulia juu ya kila ngazi. Hakuwa yeye peke yake. Askari kadhaa waliorudi Ukambani walikuwa wameona hivyo, na baadhi yao walianza kukata ngazi za namna hiyo katika mashamba yao, bila kuamriwa na mtu. Baadaye ikaenea ile njia tunayoiita fanya juu, ambapo udongo wa mtaro unatupwa upande wa mlimani, na mvua baada ya mvua shamba linajisawazisha lenyewe. Leo wataalamu kutoka nchi za mbali wanakuja kupiga picha mitaro ya Ukambani, na neno "fanya juu" wanalitumia hivyo hivyo katika vitabu vyao vya Kiingereza.

Kazi ngumu katika mtaro ni kupata usawa. Ukikosea kwa kiganja kimoja, maji yanakimbilia upande mmoja na kuvunja yote. Watu wengi walitumia kamba ya katani na kipimo cha maji kilichoning'inizwa katikati, lakini katani haikai sawa ikilowa. Babu alitumia kipande cha waya wa simu ya jeshi. Alitoka nao vipi Burma, hakusema, na sisi hatukuwahi kuona hati ya ruhusa. Waya haulegei. Alisimama upande mmoja, mtoto upande wa pili, na wa tatu akasoma kipimo. Vikundi vya mwethya vilipoanza kujichagulia viongozi wao katika miaka ya 1950, na kazi ikawa ya watu wenyewe badala ya chifu, alikuwa akiitwa kutoka mteremko hadi mteremko, hadi upande wa Tawa. Malipo yalikuwa uji na, akipenda mwenye shamba, jogoo.

Mwaka 1961, njaa ambayo wazee bado wanaiita ya ndege, kwa kuwa chakula kililetwa na ndege, na baada yake mafuriko, ndiyo iliyothibitisha kazi hiyo. Mashamba yenye ngazi yalibaki na udongo wake. Ya jirani yaliyokuwa hayajachimbwa yalishuka mtoni.

Aliishi mpaka miaka ya 1990. Hakuvaa nishani, ingawa alikuwa nayo moja. Tuliikuta sandukuni imefungwa ndani ya gazeti la Baraza. Hakwenda makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi, ambako majina ya askari wasio na kaburi yameandikwa ukutani. Mimi nilikwenda mwaka juzi. Nilitafuta yule kijana wa Kitui, lakini babu aliniambia jina lake moja tu, la nyumbani, na majina ya namna hiyo ni mengi.

Hapo ndipo ombi la kamati linapokuja. Wazee waliokwenda na kurudi sasa wameondoka karibu wote, na waliokuwa watoto wakiwasikiliza wana miaka 70 na zaidi. Siku ya harambee kutakuwa na meza moja karibu na ya usajili, chini ya mkuyu wa soko la Kikima. Leteni cheti cha jeshi, kipande, barua, picha, nishani, chochote kilichobaki, hata kama mchwa wamekula nusu. Kila karatasi itapigwa picha mbele ya mwenyewe na kurudishwa papo hapo. Kwa wasio na karatasi, kuna vijana 2 wa sekondari watakaoandika mnachokumbuka: jina lake lote, la baba yake na la ukoo, mwaka aliokwenda, na kama alirudi. Na kama kuna mtu kutoka Kitui atakayesoma hapa, mwenye mjomba aliyekuwa wa simu katika divisheni ya 11 na hakurudi mwaka 1944, tafadhali aulize meza hiyo, aulize Freddie.